Somo la Historia: Habari za Jambia

Hili ni somo letu la historia. Kama desturi yetu, nitasema polepole. Maneno yote mtayaona yamepigwa chapa katika karatasi zenu, ili kila mtu apate kuyafuata kwa kidole, mstari baada ya mstari.

Katika masomo yaliyopita tumezungumza habari za majumba, bandari na vita. Leo tutatazama kitu kidogo ambacho mtu aweza kukishika kwa mkono mmoja. Kitu hicho ni jambia.

KASHA LA MZEE WA MALINDI

Siku chache zilizopita nilikwenda Malindi, katika Mji Mkongwe, kumjulia hali mzee mmoja. Mzee huyu ni mwanafunzi mwenzenu. Utotoni hakupata shule, na sasa, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, anajifunza kuandika. Nilimkuta ameketi barazani na mjukuu wake, nao walikuwa wakibishana.

"Karibu, Mwalimu," akasema mzee. "Umekuja wakati mzuri. Ingia ndani utuamue."

Tukaingia. Mzee akafungua kasha lake la zamani lenye njumu za shaba, akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe, akakifungua juu ya mkeka. Lilikuwa jambia.

Kwanza nilinyamaza, nikatazama. Ala yake ilikuwa imepinda kama ndoana. Fedha yake ilikuwa imeingia weusi kwa kukaa miaka mingi, lakini mzee alipoisugua kidogo ikaanza kung'aa. Nakshi zikatokeza, nyembamba kama utando wa buibui. Mpini wake ulikuwa na rangi ya asali iliyokoza.

"Zuri sana," nikasema.

"Kila mtu husema hivyo," akajibu mzee. "Hata huyo anayetaka kulinunua."

Mjukuu akanieleza mambo yalivyo. Paa la nyumba linavuja, na fundi anataka fedha. Amepatikana mgeni kutoka ng'ambo ambaye hununua vitu vya kale. Mgeni huyo amelitaka jambia, lakini ameuliza maswali matatu: limefanywa na nani, limefanywa wapi, na limefanywa lini?

"Babu hakuweza kujibu hata moja," mjukuu akasema.

"Ni kweli," akasema mzee. "Tangu utoto wangu nalitazama jambia hili. Marehemu baba aliniambia neno moja tu, kwamba mpini ni wa kipusa. Nami sikuuliza zaidi. Sasa Mwalimu, wewe wafundisha historia. Tuambie, kitu hiki kina historia gani?"

Niliona haya kidogo, kwa maana mimi nami nilisema "zuri sana" nikaishia hapo. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Maana yake, ukiona chombo kizuri juu ya maji, kumbuka kwamba wako watu waliokata miti, wakapasua mbao na kugongomea misumari. Basi somo la leo ndilo jibu langu kwa mzee yule. Tutalitazama jambia kipande kwa kipande, na kila kipande tutakiuliza: umetoka wapi, na umepita katika mikono ya nani?

JINA LAKE NA SEHEMU ZAKE

Neno jambia tumelipata kwa Waarabu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu, kwa sababu ni silaha ya kufungwa ubavuni mwa mtu. Lakini watu wa Oman hulifunga mbele, katikati ya kiuno, nao huliita kwa jina jingine, hanjari. Jina hilo pia limo katika Kiswahili, ingawa wengi wetu tumezoea kusema jambia.

Jambia lina sehemu nne. Ya kwanza ni mpini, mahali pa kushika. Ya pili ni bapa la chuma, lenye makali pande zote mbili, nalo limepinda. Ya tatu ni ala, yaani nyumba ya bapa. Ya nne ni mshipi wa kulifungia kiunoni. Katika majambia ya Oman ala hupinda zaidi kuliko bapa lenyewe. Mtu akiitazama ala hudhani kwamba chuma kimefuata pindo lote mpaka ncha, kumbe bapa ni fupi kuliko ala. Juu ya ala ziko pete za fedha ambazo mshipi hushikwa nazo. Mara nyingi pete hizo ni nne, na katika majambia ya namna nyingine ni saba.

Iko sehemu nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Nyuma ya ala, mahali pasipoonekana, mara nyingi huchomekwa kisu kidogo. Mwenye jambia alipotaka kukata kamba, kumenya tunda au kukata nyama, alitumia kisu hicho kidogo. Jambia lilikaa mbele likasifiwa, na kisu kidogo kilikaa nyuma kikafanya kazi. Tafadhali likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

JAMBIA LILILOSIFIWA HUKO BARKA

Sasa nitawasimulia kisa kimoja cha kusifu jambia. Kisa hiki hakikutokea Unguja, bali kilitokea Oman, katika mji wa Barka, ulioko pwani karibu na Maskati. Lakini nguvu zake zilifika mpaka kwetu.

Mwaka 1804 mtawala wa Maskati, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini. Aliacha watoto wa kiume, na mmoja wao alikuwa Said, kijana mdogo sana. Ndugu yao mmoja wa ukoo, jina lake Badr bin Saif, akashika madaraka. Jamaa za Said waliogopa kwamba Badr hatawarudishia watoto haki yao.

Mwaka 1806 Said na Badr walikutana Barka, katika ngome iitwayo Bait al-Naaman. Inasimuliwa kwamba walikuwa wameketi chumbani na mtu mwingine, wakawa wanazungumza habari za silaha. Yule mtu akaanza kulisifu jambia la Badr, akaomba alitazame kwa karibu. Badr akalitoa. Mara ile ile Said akampiga kwa silaha yake mwenyewe. Badr akaruka dirishani hali amejeruhiwa, lakini alifuatwa akauawa. Wakati huo Said alikuwa na umri wa miaka kama 15 tu.

Huyu Said ndiye Seyyid Said bin Sultan. Alitawala mpaka mwaka 1856, alipofariki baharini akiwa safarini kutoka Oman kuja Unguja. Ndiye aliyeyahamisha makao yake makuu kutoka Maskati akayaleta Unguja, katika miaka ya 1830 kuelekea 1840. Ndiye aliyejenga jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, na wakati wake ndipo mikarafuu ilipoenea Unguja na Pemba. Basi mnaona kwamba hata katika mwanzo wa utawala ule pana habari ya jambia, na ya mtu aliyelitoa ili lisifiwe.

JAMBIA LA SAIDI NA BINTI ALIYEANDIKA

Watu wa Oman wana namna moja ya jambia waiitayo Saidi, kwa jina la ukoo wa Busaid, ukoo wa Seyyid Said. Jambia hilo lina mpini wa umbo la peke yake, uliofunikwa fedha yenye nakshi. Husimuliwa huko kwamba aliyelibuni umbo hilo alikuwa mwanamke, mke wa Seyyid Said, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Sisi hapa Unguja twamjua kwa jina la Shesade.

Twamjuaje? Twamjua kwa sababu mtu aliandika habari zake. Seyyid Said alikuwa na binti jina lake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Siku hizo wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri. Alizitazama herufi za Msahafu, akaziiga juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mfupa huo ni mpana kama ubao. Baadaye aliolewa, akaitwa Emily Ruete, akaenda Ujerumani, na mwaka 1886 akatoa kitabu juu ya maisha yake. Katika kitabu hicho amemtaja Shesade. Salme hakumwona, kwa maana Shesade alikuwa amekwisha kurudi Uajemi, lakini alizisikia habari zake kwa wakubwa.

Wanafunzi wangu, fikirini jambo hili. Mwanamke mmoja husemwa kwamba alibuni umbo la jambia. Mwanamke mwingine alijifunza kuandika kwa siri. Lau huyu wa pili asingaliandika, jina la yule wa kwanza lingalijulikana na watu wachache mno hapa petu.

MPINI ULITOKA WAPI?

Mzee wa Malindi alisema mpini wake ni wa kipusa. Kipusa ni pembe ya kifaru. Zamani watu walikitaka kuliko kitu kingine chochote kwa kutengenezea mpini wa jambia. Mipini mingine ilifanywa kwa pembe ya ndovu, au kwa mti mgumu kama mpingo, au kwa msandali wenye harufu nzuri. Lakini kipusa si mfupa. Ni kitu cha jamii ya kucha na nywele, na fundi akikikata na kukisugua sana, mwangaza hupenya ndani yake kidogo, kama unavyopenya katika asali.

Sasa nauliza, je, Unguja kuna vifaru? Hakuna. Basi vipusa vililetwa kutoka bara, pamoja na pembe za ndovu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika, mwendo wa kilomita kama 1,200. Hapakuwa na gari wala reli. Kila kitu kilichukuliwa juu ya kichwa na mabega ya watu. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kazi hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo zaidi ya 30. Alitembea nao miezi, katika jua na mvua, kuvuka mito na kupita nyika zisizo na maji. Wengine walikufa njiani.

Kipusa kilipofika Unguja kilipimwa, kikauzwa, kikapakiwa jahazini. Kingine kilikwenda Arabuni, kingine Bara Hindi. Sonara aliyekikata alijua bei yake, lakini jina la mpagazi aliyekichukua hakuliuliza, wala mpagazi hakupata kuliona jambia lililokamilika.

FEDHA ILITOKA WAPI?

Kipande cha pili ni fedha. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Fedha ni madini meupe ya kufanyia mapambo, na fedha ni pesa za kununulia vitu. Kwa nini neno moja? Kwa sababu zamani pesa zenyewe zilikuwa za fedha. Mtu alipotaka pambo, alimpelekea sonara reale zake, na sonara akaziyeyusha.

Reale iliyopendwa sana katika nchi za Uarabuni na katika pwani yetu ilikuwa na sura ya mwanamke mnene. Mwanamke huyo alikuwa Maria Theresa, mtawala wa Austria huko Ulaya, aliyefariki mwaka 1780. Reale hizo ziliendelea kupigwa chapa baada ya kufa kwake, miaka mingi sana, lakini zote ziliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Watu walikuwa wamekwisha kuizoea sura ile na mwaka ule, wakaiamini, wala hawakutaka nyingine. Kila reale ina uzito wa gramu 28, na sehemu yake kubwa ni fedha halisi.

Basi mtu aliyeishi Unguja au Oman aliweza kufunga kiunoni fedha iliyotoka Austria, bila kujua Austria iko wapi.

Msidhani kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu. Twendeni mbali kidogo, kaskazini ya Ulaya, katika nchi za Sweden, Norway na Denmark. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita waliishi huko mabaharia walioitwa Waviking. Wao nao walipenda visu vizuri, na walipofariki mara nyingi walizikwa pamoja na visu vyao. Wao nao walihesabu kwamba kuchukua silaha ni haki ya mtu huru. Na fedha yao nyingi ilitoka wapi? Ilitoka kwa Waarabu! Katika ardhi ya Sweden, hasa katika kisiwa cha Gotland, zimefukuliwa dirhamu za Kiarabu makumi ya maelfu. Waviking walizipata kwa biashara, wakaziyeyusha wakafanya vikuku na mapambo.

Mnaona ajabu ya dunia? Wakati mmoja fedha ya Waislamu ilikwenda kaskazini, ikawa pambo la Mviking. Wakati mwingine fedha ya Ulaya ilikuja kusini, ikawa ala ya jambia. Kila mmoja alilitazama pambo lake akasema, "Hili ni la kwetu." Naye alikuwa na haki kusema hivyo, kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa ya kwake. Lakini madini yenyewe yalikuwa msafiri.

KAZI YA FUNDI

Sasa tumtazame fundi. Jambia si kazi ya mtu mmoja. Mhunzi hufua bapa. Hukitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, hukiweka juu ya fuawe, hukipiga nyundo na kukipinda kidogo kidogo. Kisha hukitia maji, yaani hukitumbukiza majini kingali moto, ili kiwe kigumu. Akikosea kipimo cha moto, chuma huwa laini, au hukatika kama kigae.

Sonara hufanya kazi ya fedha. Huiyeyusha, huipiga iwe bamba, na nyingine huivuta iwe uzi. Kwa kufanya uzi ana chuma chenye matundu, makubwa na madogo. Huivuta fedha katika tundu kubwa, halafu katika dogo, halafu katika dogo zaidi, mpaka iwe nyembamba kama uzi wa kushonea. Uzi huo huuzungusha na kuusuka, akaulehemu juu ya ala. Kulehemu ni kuunganisha kwa moto. Moto ukizidi kidogo, nakshi zote huyeyuka, na kazi ya siku nyingi hupotea kwa dakika moja. Halafu yuko fundi wa ngozi, afanyaye mshipi, na mbao ndani ya ala.

Katika Mji Mkongwe masonara walikuwa watu wa asili mbalimbali, Wahindi, Waarabu na Waswahili. Walikaa katika vichochoro vyembamba, na sauti ya nyundo zao ndogo ilisikika kutwa. Lakini fundi kuandika jina lake juu ya kazi yake haikuwa desturi ya wengi. Mwenye jambia alijulikana mji mzima, lakini fundi alijulikana mtaani kwake tu. Naye alipokufa, jina lake likafa pamoja naye.

NANI ALIFUNGA JAMBIA?

Jambia lilikuwa alama. Mtu aliyepita njiani amevaa kanzu, joho na kilemba, na jambia la fedha kiunoni, alikuwa amekwisha kuwaambia watu yeye ni nani kabla ya kufungua kinywa. Masultani wa Unguja walichorwa na kupigwa picha wakiwa na mavazi hayo. Picha zao zilitundikwa Beit el-Sahel, jumba la kifalme lililoko pwani ya Forodhani, ambalo mwaka 1994 lilifanywa nyumba ya makumbusho.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Katika karne ya 19, maelfu ya watu wa kisiwa hiki walikuwa watumwa. Waliletwa kutoka bara, wakauzwa sokoni Mkunazini, wakapelekwa katika mashamba ya mikarafuu. Mtumwa wa shamba hakufunga jambia. Yeye alishika jembe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Seyyid Barghash, na utumwa wenyewe ulikatazwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Reale za karafuu na za pembe ndizo zilizonunua majambia ya fedha. Kwa hiyo katika kila jambia la enzi ile imo jasho ya mtu ambaye hakuruhusiwa kulifunga.

Sasa kumbukeni kile kisu kidogo kilichochomekwa nyuma ya ala. Mpagazi, mtumwa wa shamba, fundi aliyepigwa na joto la moto: hao wote walikuwa kama kisu kile. Walifanya kazi, lakini walikaa mahali pasipoonekana. Kazi ya historia ni kuigeuza ala, tukaitazama na nyuma.

MAMBO YALIVYOGEUKA

Tarehe 12 Januari 1964 palitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na utawala wa masultani ukaisha. Watu wengi waliuawa, na wengi wengine walihama, wakaenda Oman na nchi nyingine. Vitu vingi vya majumbani vilitawanyika. Jambia likaacha kuwa alama ya utawala hapa Unguja. Lakini halikupotea kabisa. Mpaka leo katika baadhi ya harusi utamwona bwana harusi amevaa joho na kilemba, na jambia kiunoni.

Huko Oman jambia limepata heshima nyingine. Tangu mwaka 1970 limo katika bendera ya taifa, pamoja na panga mbili. Na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuandika ufundi wa kutengeneza jambia la Oman katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Na kifaru je? Huyo alipata hasara kubwa. Mwaka 1970 palikuwa na vifaru weusi kama 65,000 katika Afrika. Kufika mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Waliuawa kwa ajili ya pembe zao, nyingine zikaenda Yemen kufanywa mipini ya majambia, nyingine Asia ya Mashariki kufanywa dawa. Tangu mwaka 1977 mkataba wa mataifa umekataza biashara ya vipusa baina ya nchi na nchi. Mafundi wengi sasa hutumia mti au vitu vingine, na jambia halikupungua uzuri.

TURUDI MALINDI

Niliyaeleza mambo haya kwa mzee na mjukuu wake, nikaongeza jambo moja. Nikawaambia, "Ikiwa mpini huu ni wa kipusa kweli, mgeni hawezi kuutoa nje ya nchi hivi hivi. Sheria inakataza. Kwanza mwendeni mkaulize serikalini."

Mjukuu akashtuka. "Mwalimu, hilo hakutwambia."

"Pengine hajui," nikasema. "Au pengine anajua."

Mzee alinyamaza kwa muda, akilipapasa jambia. Kisha akasema, "Mwanangu, paa litatengenezwa kwa njia nyingine, Mungu akipenda. Hata kama siku moja tutaliuza, sitaki litoke hapa bubu."

Akamwambia mjukuu amletee daftari lake, lile analoandikia darasani. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, herufi baada ya herufi. Ilimchukua karibu nusu saa. Ameniruhusu kuwasomea alichoandika:

"Jambia hili nilipewa na baba yangu. Yeye alipewa na baba yake. Mpini baba alisema ni kipusa cha bara. Fundi hajulikani."

Ni mistari michache tu, lakini jambia lile lilikuwa halijapata hata mstari mmoja. Nilimwuliza mzee kwa nini ameandika habari ya fundi, ilhali hana la kusema juu yake. Akanijibu, "Ili atakayesoma ajue kwamba alikuwako."

Mabibi na mabwana, mwaka 2020, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, na wengi wetu tulidhani halitaanguka kamwe. Ikiwa jumba la mfalme laweza kuanguka, basi na kumbukumbu za nyumba zetu zaweza kupotea. Nyumba nyingi hazina jambia, lakini kila nyumba ina kitu: mbuzi ya kukunia nazi, kinu, mkoba wa ukili, panga la babu, kanga ya bibi. Wako wazee wanaojua kimetoka wapi. Ulizeni sasa, na ninyi mliojifunza kuandika, andikeni.

MANENO YA SOMO

Ala: mfuko mgumu au nyumba ya kutilia kisu, upanga au jambia.
Fuawe: chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake.
Kipusa: pembe ya kifaru.
Kulehemu: kuunganisha vipande vya madini kwa moto.
Reale: sarafu kubwa ya fedha iliyotumika zamani.
Sonara: fundi wa vitu vya fedha na dhahabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini neno "fedha" lina maana mbili?
2. Taja watu wanne ambao kazi yao imo katika jambia moja.
3. Salme alijifunzaje kuandika? Kwa nini alifanya kwa siri?
4. Mzee aliandika "Fundi hajulikani." Je, alifanya vema kuandika hivyo? Toa sababu.
5. Kazi ya nyumbani: chagua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwako. Mwulize mzee habari zake, kisha andika mistari minne.

Somo letu limekwisha. Kwaherini, na Mungu awaweke salama.